Hukumu ya Maji Yaliyosafishwa na Taka Zenye Manufaa

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa tohara ya mwili na uhai wa ardhi. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Somo hili lina habari ya maji yaliyokwisha kutumika, au yaliyochafuka, kisha yakasafishwa kwa elimu ya watu: je, yamerudi kuwa tahiri? Je, yafaa kutiwa udhu? Na zile taka zilizotolewa ndani yake, je, Muislamu aweza kuzitumia shambani mwake au jikoni kwake? Masuala haya hayakuwasumbua sana wazee wa pwani, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kisima chake na kila msikiti ulikuwa na birika lake. Walakini watu wa pwani hawakai pwani tu. Biashara na kazi huwapeleka bara, na huko hukuta maji ya namna nyingine na shida ya namna nyingine. Mahali pamoja ni Tinde, na mfano wa Tinde ndio utakaofuatwa katika somo hili.

TINDE NA MAJI YAKE

Tinde ni mji mdogo katika wilaya ya Shinyanga, nchi ya Wasukuma, nao umekaa kwenye njia panda. Njia moja yaenda Shinyanga mjini na Mwanza. Ya pili yaelekea Kahama hata Rwanda na Burundi. Ya tatu yashuka Nzega hata Singida, Dodoma na bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo wasafiri wengi, wenye malori na wenye maduka, hutua hapo, wakala, wakalala, wakasali.

Nchi ile ni ya ng'ombe, pamba na mpunga, na mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili au Mei. Baadaye mito hukauka ukabaki mchanga, na watu huchimba mchanga ule kutafuta maji. Wengine huteka malamboni, yaani mabwawa yaliyochimbwa yakusanye mvua, na lambo moja hunywewa na watu na ng'ombe pamoja.

Maji ya nchi hii yana aibu tatu, na kila moja ina hukumu yake. Ya kwanza ni uchafu wa malambo, kwa kuwa huingia kinyesi cha wanyama na hata cha watu, na ndani yake hupatikana kichocho na homa ya matumbo. Ya pili imo ndani ya ardhi: visima vingi vya Shinyanga vina madini yaitwayo floraidi, ambayo yakizidi huyapiga meno ya watoto yakawa na rangi ya kahawia, na yakizidi mno hupinda mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania, kwa shida ya maji, iliwahi kuruhusu hata miligramu 8 katika maji ya vijijini, kisha 4, na baadaye ikashuka kwenye kipimo hicho cha 1.5. Aibu ya tatu yatoka upande wa magharibi, katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata dhahabu, na wenye mitambo hutumia sumu ya sayanaidi.

Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete alifungua mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama. Maji hutekwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, yakasafishwa huko, kisha yakasukumwa kwa mitambo na mabomba marefu kupita nchi kavu. Jambo hili halikuwa jepesi. Mwaka 1929 Misri na Uingereza walikuwa wamepatana ya kuwa maji ya Nili yasiguswe kwa namna ya kuipunguzia Misri bila ya ridhaa yake, na ziwa lile ni chimbuko la Nili. Serikali ya Tanganyika ilikwisha kukataa tangu 1962 kufungwa na mapatano yale, na ulipoanza mradi wa Shinyanga, Misri ililalamika; Tanzania ikaendelea. Baadaye mabomba yalifikishwa Nzega, Igunga na Tabora, na katika miaka ya 2020 ukaja mradi wa Tinde na Shelui.

Mwenye akili na azingatie. Kikombe kimoja cha maji afunguacho mtu bombani Tinde kimetoka ziwani, kimepandishwa vilima kwa nguvu za umeme, kimetiwa dawa, kimegombewa na mataifa. Kukimwaga bure ni israfu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja cha mudi na kukoga kwa pishi ya saa mpaka mudi tano, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kwa Anas. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Msemo huo ni kweli kwa neno lililokwisha kutoka kinywani. Ama maji yenyewe, leo yapo yazolekayo, na somo hili ni katika hayo.

MAJI KATIKA FIQHI

Waislamu wa pwani wengi ni wafuasi wa Imamu Shafii, na hukumu hizi wamezisoma chuoni katika Safinat al-Naja ya Sheikh Salim bin Sumeir al-Hadhrami, na wakubwa wao katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277). Kwa hiyo zitatajwa kwa ufupi tu.

Maji ni namna tatu. Ya kwanza ni maji mutlak, tahiri yenyewe na yenye kutahirisha. Ya pili ni maji tahiri yasiyotahirisha, na katika hayo ni maji machache yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi au josho la faradhi. Ya tatu ni maji yaliyoingiwa na najisi. Hayo yakiwa chini ya qulla mbili hunajisika kwa kuguswa tu; yakiwa qulla mbili au zaidi hayanajisiki illa yageuke rangi yake, au ladha yake, au harufu yake.

Qulla mbili ni kadiri ya shimo la mraba lenye dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Wanachuoni wa siku hizi wameipima kwa lita, wakakhitalifiana: wengi wasema kama lita 216, na wengine wameifikisha hata 270. Basi mwenye kutaka kutoka katika khilafu asitegemee pipa moja la lita 200, bali achukue tangi la lita 300 au zaidi.

Na jambo ambalo wengi hulisahau ni hili: katika sharia, maji yaliyonajisika hayahukumiwi kuwa najisi milele. Nawawi ametaja ya kuwa maji mengi yaliyogeuka kwa najisi, mgeuko wake ukiondoka wenyewe, au kwa kuongezwa maji, yamerudi kuwa tahiri. Lakini mgeuko ukifichwa na kitu kingine, kama miski iliyoshinda harufu au zafarani iliyofunika rangi, hayakutahirika. Na udongo na chokaa vimefanywa vivyo hivyo katika kauli yenye nguvu. Sababu yake ni wazi: pana shaka kama uchafu umeondoka au umefunikwa tu. Kuondoa ni kitu kimoja na kufunika ni kingine. Kanuni hii ya karne saba na zaidi ndiyo ufunguo wa masuala yote yafuatayo.

NAMNA MAJI YASAFISHWAVYO

Maji ya ziwa au mto, yakiwa na tope, husafishwa kwa hatua zifuatazo. Kwanza hutiwa shabu, au dawa iliyo mfano wake. Vumbi la tope ni dogo mno hata halizami. Shabu hulishikanisha, chembe kwa chembe, yakawa madonge yenye uzito. Pili, maji huachwa yatulie, madonge yakashuka chini. Tatu, hupitishwa katika mchanga. Nne, hutiwa klorini kidogo ili kuua vijidudu visivyoonekana. Akina mama wa Sudani tangu zamani hufanya kazi ya shabu kwa mbegu za mlonge zilizopondwa, na mlonge ni mti ujulikanao sana pwani.

Ikiulizwa, je, shabu si kama ule udongo na chokaa alivyovitaja Nawawi? Jawabu lina sehemu mbili. Maji ya ziwa yaliyochafuliwa na tope tu hayakuwa najisi, basi hapana suala. Ama maji yaliyogeuzwa na najisi, wenye kusherehesha Minhaj wameeleza ya kuwa khilafu ni wakati maji yangali na ukungu wa kile kilichotiwa. Yakitulia yakawa safi, wala pasibaki rangi ya najisi, wala ladha, wala harufu, basi ni tahiri, kwa kuwa sababu ya shaka imeondoka. Na kazi ya shabu katika mtambo ni hiyo hasa: haikai ndani ya maji ikaufunika uchafu, bali huukamata ikazama nao.

MAJI TAKA

Maji taka ni yale yatokayo vyooni, jikoni na mabafuni. Katika miji midogo mingi ya Tanzania hayana mabomba. Hukaa katika mashimo na makaro, na karo likijaa huja gari la kunyonya. Swali ni wapi gari lile lamwaga. Likimwaga mtoni au kandokando ya lambo, mwenye kulituma ameingia katika lile alilolikataza Mtume (S.A.W.), kwani katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuchafua mahali pa kuteka maji kumehesabiwa katika mambo matatu yaletayo laana, pamoja na kuchafua njia na kuchafua kivuli. Na fundi wa gari na mwenye nyumba wote wawili wanashiriki.

Njia iliyo nyepesi katika nchi ya jua ni mabwawa ya mfuatano. Bwawa la kwanza huwa refu kwenda chini, na taka nzito huzama zikaoza humo bila hewa. La pili huwa pana, na mwani huota ukatoa hewa yenye kuyala yaliyosalia. La tatu, na wakati mwingine la nne, huwa na kina kifupi, na jua huingia likaua vijidudu, na mayai ya minyoo hushuka chini. Maji hukaa humo siku nyingi, na hutoka bila uvundo. Mji wa Moshi una mabwawa ya namna hii, na wakulima wa mpunga walio jirani huyatumia maji yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wataalamu wamejaribu pia kuyapitisha katika vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, mizizi ikayasafisha.

Mwenye kuijua fiqhi ataona mara moja ya kuwa mabwawa haya ni mfano wa kauli ya Nawawi: maji ni mengi kupita qulla mbili mara elfu, na mgeuko wake umeondoka wenyewe kwa jua, hewa na muda. Ukiondoka wote, maji yametahirika. Ukibaki ukijani mzito na harufu mbaya itokanayo na najisi, hayajatahirika, ila yafaa kunyweshea mashamba.

Masuala haya yalifika mbele ya wanachuoni wakubwa. Baraza la Wanachuoni Wakubwa wa Saudia lilitoa uamuzi wake mwaka 1398 wa Hijra (1978), na Majmaa ya Fiqhi ya Rabita, katika kikao chake cha 11 kilichofanyika Makka mwezi wa Rajabu 1409 (Februari 1989), ikakata ya kuwa maji taka yaliyosafishwa hata pasibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yamekuwa tahiri, na yafaa kwa udhu na kuondolea najisi. Ama kuyanywa, Baraza la Saudia lilisema yajuzu yasipokuwa na madhara, lakini ni bora kujiepusha maadamu yapo mengine, kwa ajili ya afya na kwa kuwa nafsi huyachukia.

Wala haya si maneno ya kitabuni tu. Maskati, mji walioutoka na waliourudia watu wengi wa pwani, maji taka yaliyosafishwa hunywesha miti na bustani za kando ya barabara. Na Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kavu kushinda Shinyanga, watu wamekunywa maji ya namna hiyo yaliyorudishwa kwa usafisho mkali tangu 1968, nao walikuwa wa kwanza duniani.

TOHARA MBILI

Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo msomaji asimame kidogo. Rangi, ladha na harufu ni alama tatu za sharia za kujulia najisi. Hazikuwekwa kuwa alama za kujulia sumu. Maji ya kisima chenye floraidi ni meupe kama kioo. Udhu wake ni sahihi bila khilafu, na huku yanapiga meno ya mtoto. Lambo kubwa lililokojolewa na ng'ombe halijanajisika ikiwa halikugeuka, na huku limejaa kichocho. Na maji yenye zebaki hayana harufu.

Mji wa Minamata, katika Ujapani, ulikaa miaka ukila samaki wa ghuba yake, na kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki baharini. Bahari ilikuwa bahari ile ile machoni. Mwaka 1956 maradhi yakajulikana: watu walitetemeka, wakapotewa na maneno, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Kwa ajili hiyo mataifa yakapatana mwaka 2013 kuipunguza zebaki, na mapatano yakaitwa kwa jina la mji ule. Tanzania iliyathibitisha mwaka 2020.

Basi kuna tohara mbili. Moja ni tohara ya ibada, na hakimu wake ni fiqhi. Ya pili ni salama ya mwili, na hakimu wake ni mpimaji wa maji. Mwenye kuchukua moja akaiacha nyingine amepunguza dini yake, kwa kuwa sharia iliyoamrisha udhu ndiyo iliyokataza kujidhuru na kudhuru wengine. Asemaye, "Maji haya ni tahiri, basi wanywe watoto," amekosea. Na asemaye, "Maji haya yametoka mtamboni, sina yakini nayo," akaacha kuyatia udhu na kwenda kuteka lamboni, naye amekosea. Kwani yakini haiondoki kwa shaka, na waswasi si uchaji Mungu.

TAKA ZENYE MANUFAA

Kilichosalia baada ya maji kusafishwa si cha kutupwa. Tope la makaro lina rutuba, lakini pia lina mayai ya minyoo yenye kudumu muda mrefu. Kwa hiyo lisipelekwe shambani likiwa bichi. Hukaushwa juani, au huchanganywa na majani likarundikwa hata likapata moto wake wenyewe, na kuachwa miezi mingi. Kutia najisi shambani kuwe samadi kwajuzu katika madhehebu ya Shafii, ijapokuwa ni karaha.

Samadi ya ng'ombe, ambayo Shinyanga haina uhaba wake, ikifungiwa katika shimo lisiloingia hewa hutoa gesi ya kupikia, na kibaki chake huwa mbolea. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikiwafunza watu ujenzi wa mashimo hayo tangu miaka ya 1980. Kila chungu kilichopikwa kwa gesi hiyo kimeokoa kuni katika nchi isiyo na miti mingi.

Na katika migodi, sharia ya kurudisha ni hiyo hiyo. Mchimbaji achomaye zebaki kwenye karai wazi huivuta mwenyewe na kuinyeshea jirani; akiichoma ndani ya chungu kilichofunikwa chenye bomba la kupoza mvuke, zebaki hurudi mkononi mwake, naye akaitumia tena. Ameokoa mali na mapafu. Wenye mitambo huyarudisha maji ya bwawa la tope kiwandani badala ya kuteka mapya. Na jambo ambalo litawapendeza watu wa pwani: dhahabu iliyoyeyushwa katika sayanaidi hukamatwa kwa makaa, na makaa yaliyo bora kwa kazi hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Makaa hayo hayo huondoa harufu na ladha mbaya katika maji ya kunywa. Kifuu kitupwacho jaani Pangani ni chombo cha kukamatia dhahabu Geita.

Lakini tope lililozuiliwa vibaya ni adui. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, katika wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ulibomoka, matope yakafunika nyumba na mashamba ya watu. Mwenye kuhifadhi taka ni mwenye kuweka amana kwa jirani zake.

MASUALA NA MAJAWABU

Suala la kwanza. Msikiti wa nchi kavu waweza kukusanya maji ya udhu na kuyatumia tena?

Jawabu. Waweza. Maji yaliyotumika ni tahiri, na kunyweshea miti au kufulia vumbi ruhusa. Na zaidi ya hayo, yakikusanywa yakafika qulla mbili hurudi kuwa yenye kutahirisha, katika kauli sahihi zaidi ya Mashafii. Sharti mfereji wake usichanganyike na wa choo, wala yasigeuzwe na sabuni nyingi. Na kwa ajili ya afya, yasinywewe wala yasisukutuliwe bila ya kusafishwa. Bora yawe ya miti na ya kuoshea ua.

Suala la pili. Maji yenye harufu ya klorini yafaa udhu?

Jawabu. Yafaa. Klorini ni dawa tahiri, na mgeuko mdogo wa kitu tahiri hauyaondolei maji jina lake. Mwenye kuikera harufu na ayaache katika mtungi usiku mmoja.

Suala la tatu. Yasemwa ya kuwa chupa ya maji ikiwekwa juani saa 6 jua likiwa kali, vijidudu hufa. Je, si yale maji ya jua yaliyokirihishwa?

Jawabu. Karaha iliyotajwa na Mashafii ni ya maji yaliyopata moto wa jua katika chombo cha madini, katika nchi ya joto, yakatumika mwilini yangali moto. Chupa nyeupe ya plastiki au kioo haimo, na yakipoa karaha huondoka. Nawawi mwenyewe ameelekea kuwa haina karaha kwa upande wa dalili. Lakini maji yawe mangavu, na siku ya mawingu yaachwe siku mbili. Na njia hii haiondoi floraidi wala zebaki.

Suala la nne. Floraidi huondolewa kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, kama ifanywavyo Ngurdoto kule Arusha na Nakuru kule Kenya. Mifupa hiyo ina hukumu gani?

Jawabu. Mifupa ya mnyama aliyechinjwa kisharia ni tahiri, na makaa yake ni tahiri. Mifupa ya mzoga ni najisi kwa Mashafii, na moto hauitahirishi. Kwa Mahanafi mfupa wenyewe si najisi, ukiondolewa mafuta. Basi mwenye kutengeneza achukue mifupa ya machinjioni, ambako kwa desturi Waislamu ndio wachinjao, aulize na aandike. Hiyo ni kazi nyepesi, na humtoa mtu katika khilafu huku meno ya wanawe yamesalimika.

Suala la tano. Mboga zilizonyweshwa maji taka zaliwa?

Jawabu. Mmea uliootea najisi ni tahiri. Kilichogusana na najisi kwa nje huoshwa. Hiyo ni fiqhi. Ama tiba, Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kipimo cha mboga ziliwazo mbichi: yai la mnyoo lisizidi moja katika lita ya maji, na vijidudu vya kinyesi visizidi 1,000 katika mililita 100. Maji yasiyopimwa yapelekwe kwenye miti na mazao yapikwayo, si kwenye mchicha wa kachumbari.

Suala la sita. Mwenye samadi au tope la karo aweza kuliuza?

Jawabu. Kuuza najisi hakusihi kwa Mashafii. Mahanafi wameruhusu samadi. Na Mashafii wametoa njia: mwenyewe apokee fedha kwa kuachia haki yake juu ya kitu kile, wala isiwe bei. Basi waandikiane hivyo.

Suala la saba. Msafiri amefika mahali ana maji machache tu, naye ana kiu, au mnyama wake ana kiu. Atatia udhu?

Jawabu. Atakunywa, na atamnywesha mnyama, na atatayamamu. Na vilevile mwenye kukuta maji yaliyo karibu na uoshaji wa dhahabu, akaogopa sumu yake kwa khabari ya mtu mwaminifu, atayaacha na kutayamamu.

KHATIMA

Yampasa mwenye msikiti Tinde, na mfano wa Tinde, mambo matano. Kwanza, autenge mfereji wa udhu na mfereji wa choo tangu siku ya kujenga, kwani kuutenga baadaye ni kubomoa. Pili, aweke tangi lipitalo qulla mbili. Tatu, apeleke maji ya kisima kupimwa, asitosheke na weupe wake. Nne, ajue gari la karo laenda kumwaga wapi kabla ya kulilipa. Tano, apande miti kwa maji ya udhu, kiwe kivuli cha wapitao njia panda.

Na wale wa pwani walio na visima wasidhani ya kuwa haya ni ya bara peke yake. Miji yao imejaa, makaro yamekaribiana na visima, na maji ya chumvi yapanda. Watu wa Tinde wametangulia katika shida. Ni juu ya wengine kutangulia katika mazingatio.

Mwenyezi Mungu awatahirishe Waislamu nyoyo na miili, awabarikie maji yao, na awajaalie wasiwe sababu ya madhara kwa aliye chini yao mtoni. Wallahu aalam.